Mchoro wa Ukoo Ukutani

Uluguru, Morogoro

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Presha imeshuka, au bado unamdanganya Mama kwamba umemeza dawa? Mimi mwili mzima, ila moyo umesononeka, na nataka ulisikie hili kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nawafundisha darasa la nne habari za mtawala wa zamani wa milima hii na makao yake. Makao yenyewe yapo juu kidogo ya shule: nyumba ya udongo, makaburi, na Bibi Mwanaidi anayeyatunza, dada wa mtawala wa mwisho. Nikachora mchoro wa ukoo, baba na chini yake mwana, kama ulivyonisimulia habari za wafalme wetu kule Bukoba. Zaina, mjukuu wa bibi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, siyo mwana. Huku anarithi mpwa, mtoto wa dada."

Nikamwambia asinifundishe kazi, nikamsimamisha pembeni hadi kengele. Mchoro nikaubandika ukutani kwa mbwembwe.

Baba, siku hizi kila kitu ruksa, na matajiri wa mjini wanapanda huku kutafuta viwanja vyenye ubaridi. Mtoto wa kiume wa yule mtawala wa mwisho, ambaye kwa mila yao hana sauti juu ya ardhi ile, akapata mnunuzi wa makao yale. Wazee wa ukoo walipokataa, akawaleta viongozi wa kijiji darasani kwangu, akawaonyesha ukuta.

"Hata serikali inafundisha hivi," akasema.

Nilikuwepo, chaki mkononi. Nilinyamaza, Baba. Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama, nikaona aibu kusema nimekosea. Viongozi wakagonga muhuri kwenye hati ya mauzo.

Jumatatu nyumba ikabomolewa. Zaina hajaja shule tena. Mchoro nimeuchana, watoto nimewaambia ukweli, kijijini nimepeleka barua. Wamenijibu mambo yameshapita.

Jana nilimfuata bibi kwa jirani aliyemhifadhi. Nikapiga magoti kama tunavyofanya kwetu, nikaomba radhi. Akaniinua.

"Usilie, mwanangu. Kazi yako umeifanya. Juzi nimemuuliza Zaina mrithi wetu nani. Kanijibu, ni mwana."

Msalimie Mama, na shangazi anayeuza ndizi sokoni, na kaka fundi baiskeli. Wasomee yote, ila hayo ya Zaina yabaki kwako.

Ni mimi binti yako mwalimu,
Koku