Ufunguo wa Gari la Baba

Dada yangu mkubwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na kama zimekukuta umesimama, kaa kwanza. Shemeji hajambo? Watoto je, yule mdogo jino limeshatoka? Mimi mwili mzima, chakula kinapanda. Moyo tu ndio unakwenda mbio kama kuku aliyeona kisu.

Najua umeshaanza kucheka. Usicheke, dada. Jana kwenye simu nilikwambia msiende na gari Jumamosi, ukaniuliza leo nyoka yuko kiti gani. Haki yako. Ni mimi niliyewatoa wote garini kwenye mvua mwaka jana mkalowa hadi soksi, na nyoka mwenyewe akawa mkanda wa shemeji. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na wangu sasa umeiva. Nikija kukwambia uso kwa uso nitatania tu, najijua. Ndiyo maana nimempa fundi cherehani jirani yenu karatasi hii akuletee kabla ya jioni.

Jumamosi mnampeleka baba kwa shangazi, wewe, shemeji na watoto wawili, na ule mlima wote wa kushuka. Naomba msiushuke na gari hilo. Vumilia mwandiko nikueleze, unajua shule na mimi tuliachana mapema bila ugomvi.

Unakumbuka gari la baba, hili analoendesha shemeji, lilipoanza kulia? Shemeji akigusa breki, magurudumu ya mbele yanalia kama mbuzi anayevutwa masikio. Siku aliyompa lifti bosi wake, bosi akauliza kama kuna mnyama kwenye buti. Shemeji akarudi amenuna, akasema aibu ile hairudii. Mimi nikapiga kifua, nikamwambia gari mpe daktari, saa moja tu. Kwani si nauza wiper na mazulia nje ya gereji mwaka wa nne sasa, macho yangu yameona kila kitu? Kuona nimeona, dada. Kujua ni mlango mwingine.

Nikapiga jeki, nikatoa magurudumu. Mle ndani kuna sahani ya chuma inazunguka na gurudumu, na ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana hiyo sahani mpaka gari linasimama. Pembeni ya pedi nikaona kaulimi ka chuma kanaisugua sahani. Nikasema huyu ndiye mbuzi. Nikakashika na koleo nikakavunja, kulia na kushoto. Gari likatoka kimya kama paka kaiba nyama. Shemeji akaniita Daktari mbele ya majirani, na wewe ukanipakulia mara mbili.

Wiki iliyopita ikawaka ile taa nyekundu ya breki mbele ya usukani. Nikafungua boneti, nikakuta oili ya breki imeshuka kwenye kichupa chake, nikajaza. Taa ikazima. Daktari tena.

Sasa sikia. Gereji kuna fundi tunamwita Bubu. Si kwamba hasemi, ila akifikisha maneno kumi kwa siku ujue ana homa. Juzi Jumanne mwalimu mmoja, mama mtu mzima, alileta gari linalolia vilevile. Nikajitia kimbelembele, nikasema mvunjie tu kile kiulimi. Bubu akaweka spana chini. Akawa anamweleza yule mama lakini macho yako kwangu. Akasema kile kiulimi kimewekwa makusudi na waliotengeneza gari. Pedi ikilika ikabaki nyembamba, kinagusa sahani kinapiga kelele, ili mwenye gari abadilishe. Na oili ya breki ikishuka, ama inavuja ama pedi zimelika, usijaze ukaondoka, tazama kwanza.

Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu mmoja, je mtu akivunja kiulimi na oili akajaza? Akajibu kwamba huyo rafiki yangu amemziba mgonjwa mdomo halafu akawatangazia watu kuwa amepona. Akasema pedi zikiisha ni chuma kwa chuma, na kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mguu utafika chini na gari litaendelea na safari zake.

Dada, nilicheka. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nacheka. Halafu nikaacha wiper zangu chini bila mlinzi.

Nikaja kwenu mbio, mkadhani nimefuata chakula. Nikachungulia kwenye matundu ya rimu kwa tochi ya simu. Pedi imebaki kama ukucha. Nikamwambia shemeji breki zimekwisha, akacheka hadi akakohoa, akasema Daktari anatafuta kazi. Sikumwambia nilichofanya. Nilivunja ulimi wa gari, na wangu nao ukakatika.

Usiku silali. Nikifumba macho namwona yule mdogo kiti cha nyuma anahesabu kona za mlima, na shemeji anakanyaga, anakanyaga tena.

Jana kwenye simu ukanieleza habari ya ufunguo uliopotea. Kwamba baba ndiye wa mwisho kukaa garini akisikiliza redio, basi wote mnajua ni yeye. Kwamba amegeuza mifuko yake mara tatu, akatafuta hadi kwenye kopo la sukari, na asubuhi ulimkuta kitandani ameshika ndala mkononi, akakuuliza kama ndiyo ameanza kupotea akili. Ukasema wiki ijayo mtampeleka kwa daktari wa kweli. Mimi nikasema pole, nikakata simu.

Baba hajasahau kitu. Aliurudisha kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, kama kila siku. Niliuchukua mimi Jumanne ile, wakati shemeji bado anakohoa kwa kicheko. Ninao hapa mfukoni. Nilimwacha baba yangu ajiogope mwenyewe, kwa sababu niliona aibu kusema neno moja.

Kesho jioni nakuja na Bubu na pedi mpya. Amesema mimi kazi yangu ni kushika tochi, nikigusa kitu kingine atanivunja kiulimi. Shemeji nitamwambia mwenyewe mbele yake. Akinipiga, usiamulie haraka.

Ila umesema leo ukitoka kazini utafungua sanduku la vyeti utoe ule ufunguo wa akiba. Huo ndio ninaouogopa. Shemeji akiuona atawasha gari leo hii. Utoe, dada, lakini usimpe yeye. Mpe baba autunze mpaka nifike. Mwambie Kicheko kasema hakuna mtu nyumba ile anayejua kuweka kitu mahali pake kama yeye.

Wasalimie watoto. Shangazi mwambie mtachelewa kidogo, lakini mtafika.

Mdogo wako,
Kicheko