Jina Niliyoita kwa Nguvu Sana

Yaya Deo,

Ni miye, Kasereka. Nimekaa juu ya bafle tupu, ile sanduku ya spika, mbele ya fasi atelier yetu ya muziki za gari ilikuwa, karatasi iko juu ya magoti. Ninakuandikia sababu nikikuja ku kaburi yako, kusema inanishinda. Nafika, nangoa majani mbili tatu, nakohoa, narudi. Unanijua. Mudomo yangu inafanya kazi siku zote, isipokuwa siku inahitajika.

Nataka kukueleza habari ya Lotsove, mutoto wako. Ndiyo neno uliniachia, na nataka uisikie yote, hata pale nilifanya vibaya. Basi usinikatize.

Kwanza atelier. Wenye bunduki waliiba kila kitu: mabati, mulango, chuma ya kulehemu, posti za wateja, zile redio za gari zenye zilikuwa zinangojea kutengenezwa. Waliacha benchi yenye muguu moja imevunjika. Ile ampli ya kukuza sauti uliificha chini ya gunia ya makala hawakuiona, wala bafle mbili za besi za yule taximan wetu mwenye alipendaga muziki mpaka meno itetemeke. Mwenyewe alikimbilia Beni. Hapa kartye yetu, mutaa ya Nyakasanza, nusu ya nyumba ingali imefungwa. Soko inafunguka asubuhi, na mutu akikohoa vibaya tu, kila mutu anakunja vitu yake.

Yule taximan, unakumbuka siku niliunguza besi yake ya kwanza? Aliniambia tia nguvu, miye nikashika turnevisi, nikazungusha ile kiskuru ya geni ku ampli mpaka mwisho. Aka! Hakufika hata sokoni. Alirudi na moshi ndani ya gari. Nilingojea unipige. Weye ukafungua bafle polepole, ukatoa ile waya yenye iliungua, ukaniwekea chini ya pua. "Nusa. Hii ndiyo harufu ya haraka yako." Kisha ukanifundisha tena, mara ya kumi: posti unaifungua robo tatu, si zaidi. Geni unaishusha chini kabisa. Unapanda polepole, unasikiliza. Sauti ikianza kukwaruza, unarudi nyuma kidogo, unaacha hapo. "Geni si volume, Kasereka. Geni ni ya kufanya posti na ampli wasikilizane. Mutu akitaka kelele, ashike volume." Nilisema ndiyo, ndiyo, na kesho yake nilisahau. Kwa kweli nilikuwa nakuona muoga.

Asubuhi ile bunduki iliingia muji, weye ulikuwa umemutuma Lotsove sabuni. Najua ile neno ndiyo ilikuua zaidi ya malaria. Mara tatu ulitoka kumutafuta, na mara ya tatu miye ndiye nilikuvuta kwa shati, tukakimbia na watu mpaka kwa zile hema za plastiki karibu na uwanja wa ndege. Dawa haikuwa. Weye ulikuwa unatetemeka, ukaniambia: "Umutafute. Ukimupata, umulete kwako, akae na watoto yako." Mama yake alishakufa zamani, na weye ulikuwa unakwenda. Nilisema ndiyo. Ile ndiyo sikuisahau.

Ku maziko yako nilisema kitu, Yaya, na sifurahi nayo leo. Udongo ingali mukononi, nilisema mbele ya watu wote kwamba wale wa kabila ya upande ile ingine, hata nikimukuta mutoto wao anakufa na kiu, sitamupa maji. Muke yangu alinivuta mukono. Nikarudilia tena, kwa nguvu zaidi.

Kisha tulirudi muji, na Padri wa parokia alinitafuta. Alikuwa na pikapu yenye bado inatembea, na daftari yenye majina ya watoto waliopotea. Alitaka gari ipite asubuhi, kila siku kartye moja, isome majina. Nilifunga ampli yako, bafle mbili za besi nyuma, na vibafle vidogo vya sauti juu ya kabini. Mikro niliipitisha kwa mixer kidogo ya kwaya. Niliwaza: nitatia kwanza wimbo, besi ipige, watu watoke nje, halafu nisome majina. Na geni? Niliiweka kama ya arusi.

Yo, Yaya! Tulifika sokoni, besi ikapiga mara ya kwanza, na soko yote ikalala chini. Yote! Mama wa tomate aliingia chini ya meza yake. Watu walidhani bomu imeanguka. Nilizima, nikashuka, naomba pole huku na huku, na muzee moja alisimama, akajipangusa vumbi, akaniambia bila kukasirika: "Mutoto yangu, besi tumeshasikia ya kutosha." Nilishikwa na haya mpaka masikio ikawa moto. Wimbo tuliitoa siku ile ile.

Lakini geni sikuishusha. Sababu sasa nilikuwa na jina ya kuita.

Nilimuandikisha Lotsove wa kwanza ku daftari. Kila asubuhi, ku kartye ya siku ile: "Lotsove, mutoto wa Deo fundi wa muziki, watu wa Fataki, miaka munane, ana kovu ku goti ya kushoto!" Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Watoto wengine walikuwa wanapatikana, mama zao wanakuja kushika mikono ya Padri wanalia, na miye niko pembeni nakunja waya. Kichwa ilikuwa inaniwaka. Nilijiambia sauti haifiki, na kila asubuhi nilizungusha kiskuru kidogo tena. Mwishoni nilikuwa nakwaruza tu, mutu hawezi kutofautisha jina na kikohozi. Padri alinigusa bega siku moja, akauliza kama iko lazima kupiga kelele hivyo. Nikamujibu vibaya. Padri, Yaya! Nilimujibu Padri vibaya.

Siku ya ine ya wiki ya tatu, tulikuwa Saio. Ampli ikakata. Taa nyekundu. Nilitukana ampli, nikatukana gari, nikapiga muguu ku gurudumu. Kisha nikakaa chini ku vumbi, na nilikusikia kabisa, kama vile uko nyuma yangu na kikombe yako ya chai: "Umemaliza? Haya, anza na fizible."

Fizible, ile fyuzi ya ampli, ilikuwa nzima. Ya kweli, si ile karatasi ya sigara nilikuwa natiaga zamani nikidhani huoni. Nikafuata waya ya mase, ile ya kurudisha kuran ya umeme ku chuma ya gari. Kumbe niliifunga juu ya rangi! Skuru iko ngumu, waya iko muzuri, lakini chini yake ni rangi tupu ya gari, kuran itapita wapi? Nikakwangua na kisu mpaka chuma ikangaa, nikafunga tena. Taa ikawa kijani. Padri akapiga makofi, nikamuambia angojee, sababu besi ilikuwa inatoka nyembamba, kama imefunikwa na blanketi.

Nikatoa jiwe ya torshi, ile betri kidogo, nikafanya kama ulinifundisha. Nikagusisha waya za bafle ya kwanza ku jiwe: ngozi ya bafle ikatoka nje. Ya pili: ikaingia ndani. Moja inasukuma, ingine inavuta, zinakulana zenyewe kwa zenyewe. Wiki tatu nilikuwa naongeza geni, na kosa ilikuwa waya mbili nilizopishanisha nikifunga tena bafle kwa haraka kisha ile siku ya sokoni. Nilicheka peke yangu. Padri aliniangalia kama mugonjwa.

Nikazigeuza. Nikashusha geni chini kabisa. Robo tatu. Nikapanda polepole, bila kukimbizana na mutu. Halafu nikashika mikro, na bila kuwaza nikasema ile maneno yako, yenye ulikuwa unapimisha kila gari, ya kusikia kama "s" inakwaruza na kama besi iko inashika: "Sita, saba, sombe na samaki."

Ilitoka safi, Yaya. Safi kabisa, na haikuwa kubwa.

Na nyuma ya ukuta ya matete, ku nyumba ya tatu, mutoto akajibu: "Na chumvi, Papa!"

Unajua weye mwenyewe nani alikuwa anajibuga vile toka ku mulango ya atelier.

Nilitupa mikro. Niliingia ile lupango, kiwanja ya nyumba, bila hodi. Mama moja alikuwa amemushika Lotsove, mukono juu ya mudomo yake, na Lotsove alikuwa anaangalia nyuma yangu. Alikuwa anakutafuta weye.

Ule mama anaitwa Mama Zawadi, anauzisha samaki ya kukauka toka Tchomia. Alimuokota mutoto ku barabara asubuhi ile ya bunduki, analia, ameshika sabuni. Akamuuliza jina. Aliposikia Lotsove, na aliposikia Fataki, alijua ni mutoto wa wale walikuwa wanatafutwa. Vijana wa bariyeri, wale wa bunduki wanafunga barabara, iko nyumba tano tu toka kwake, na siku zile jina peke yake ilikuwa inatosha. Akamupa jina ya Dorkasi. Akamufunga kitambaa ku goti ili kovu isionekane. Akamufundisha: mutu akiita Lotsove, weye usigeuke.

Kisha akanigeukia. Sijawahi kuambiwa vile. "Kumbe ni weye! Weye ndiye unapita hapa kila wiki unatangaza mutoto wa Fataki, miaka munane, kovu ku goti! Unadhani masikio ni ya kwako tu? Wale pale hawana masikio? Kila mara unapita, miye namulaza chini ya kitanda, namukalia juu!"

Nikakaa chini. Kila mara nilizungusha ile skuru, Yaya, nilikuwa namusukuma mutoto wako ndani zaidi chini ya kitanda.

Na Mama Zawadi, nilijua ku maneno yake, ku namna alimuita mutoto, ametoka upande gani. Ile upande. Nilimuambia. Sijui kwa nini, ilitoka tu: nilimuambia kitu nilisema ku kaburi yako. Akaingia ndani, akarudi na kikombe ya plastiki, akasema, "Jua ni kali, kunywa." Nilikunywa yote.

Lotsove aliuliza weye uko wapi. Nilimuambia, Yaya. Sikuzungusha maneno. Akauliza nani basi alisema ile ya sombe. Nikasema ni miye. Akasema, "Unasema mbio sana. Papa hasemi mbio vile." Halafu ndiyo alilia, lakini ku kifua ya Mama Zawadi, si ku yangu. Nilisikia wivu, nakuambia ukweli.

Sasa fasi yenye naogopa. Nilikuwa na ufunguo mukononi, pikapu iko nje, nilitaka kumuchukua saa ile ile. Nilikuwa nimekuambia ndiyo. Mama Zawadi akauliza: "Ku bariyeri wataangalia ndani ya gari. Watamuuliza ametoka wapi, bibi yake ni nani. Ni mutoto, ataogopa, atasema ukweli. Weye una haraka ya nani?" Nilimuangalia Padri. Padri alinyoosha mukono kuomba ufunguo. Yaya, nilimuacha. Nilifunga mulango ya gari na mutoto wako akabaki kule Saio, na njia yote ya kurudi sikuweza kushika usukani, Padri ndiye aliendesha.

Jina yake nimeifuta ku daftari. Na zingine zote hatuzisomi tena. Siku hizi naita wazazi: mwenye amepoteza mutoto aje parokiani aseme polepole, mwenye ameokota mutoto aje pia, hakuna mutu atauliza kabila. Wanakuja wengi kuliko zamani. Ku kiskuru ya geni nimetia tone ya rangi ya kucha ya muke yangu, ili mukono yangu isijaribiwe.

Kila siku ya ine tunapita Saio. Nashuka kununua samaki kama muteja yeyote. Mama Zawadi anapima, Lotsove anafunga ku gazeti. Amenenepa kidogo, ungefurahi. Hatusemezani. Wiki iliyopita tu, alipokuwa ananipa samaki, nilisahau nikaanza "Lo…", na yeye hakugeuza hata jicho. Amefundishwa muzuri sana. Nilirudi ku gari nikalia, halafu nikamushukuru Mungu kwa ile jicho yenye haikugeuka.

Lala, Yaya. Usinikasirikie. Uliniambia nimupate, nimemupata. Uliniambia nimulete, bado. Sitakudanganya kwamba iko karibu. Lakini siku wale vijana watatoka pale na mutoto ataweza kupita na jina yake, nitakwenda kwa miguu mpaka kwa Mama Zawadi, nitapiga hodi safari hii, na nitasema "Lotsove" mara moja, kwa sauti ya mutu anaita mutu ku meza. Asipogeuka, nitakaa pale ku benchi ya samaki, nitangojea mpaka ageuke.

Ni miye, wa haraka yako,

Kasereka