Nimemwambia Bi Thuraya Asubiri

Ibra, Oman

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Magoti je, bado yanakuuma ukiinuka kwenye mswala? Na Bibi, yale meno ya kubandika kayazoea, au bado anayatia kwenye gilasi mbele ya wageni? Mie mzima wa mwili. Roho ndiyo ilikuwa ikinichemka, lakini sasa imetulia, na ukimaliza kusoma utajua imetulizwa na nini.

Uliniuliza habari za chuo cha ualimu nikanyamaza, maana nilikuwa naona haya. Mie na Asila, binti wa Ami, tuliomba mapema, tukiambiwa anayewahi hupata nafasi kabla ya wenziwe. Majibu yalipokuja, Ami alinisomea yangu sebuleni. Sijakataliwa, sijakubaliwa. Nisubiri mtihani wa Kiingereza baada ya Ramadhani, nipangwe upya pamoja na waombaji wote. Ami akaikunja karatasi, akasema, "Rukia, nilimwahidi marehemu baba yako kuwa nitakusomesha. Lakini ukikosa na mara ya pili, itabidi urudi Unguja. Hapa msichana hakai hivi hivi, hana chuo hana mume." Nikasema ndiyo, Ami. Nikaenda kulia chooni, bomba nimelifungulia maji ili nisisikike.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni ni mkewe, Bi Thuraya. Huyu bibi kazaliwa Tabora, kakulia Tabora, kisamvu kakila mpaka kakinai. Akimgombeza Ami chumbani, Kiswahili kinamtoka kama mvua ya masika. Mbele ya majirani ati hajui hata neno! Mie mwenyewe kwake nilikuwa "wewe binti" tu, jina langu kama lina miba.

Hapa Ibra asubuhi wanawake wa mtaa hukusanyika, leo kwako kesho kwangu, wakala tende na kahawa. Mmoja hushika mdila akawamiminia wenziwe, na humimina mpaka mnywaji atikise kikombe. Usipotikisa, maana yake unataka tena. Wiki yangu ya kwanza sikulijua hilo, na hakuna aliyeniambia. Bi Thuraya akashika mdila kwa mkono wake, akanimiminia, akanimiminia, nami naona haya kukataa cha mkubwa, nakunywa tu, mpaka moyo ukanienda mbio na mikono ikanitetemeka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka nao, ningefanyaje?

Basi ni kwenye baraza hiyo hiyo alipoitangaza habari yangu. "Huyu binti wa Zinjibari kakataliwa chuo. Hawa kuimba wanajua, kusoma kuna wenyewe." Nami nimekaa pale pale na sahani ya tende mkononi. Jumatano akaichukua mpaka soko la wanawake, ikatembea pamoja na udi na vitambaa. Nikipita njiani naonewa huruma na watu nisiowajua.

Na kumbe Asila naye kaahirishwa vile vile, neno kwa neno! Kaniambia mwenyewe, maskini, analia. Mama yake kamkataza asimwambie mtu. Wallahi, Mama, siku ile niliapa kuwa maneno yale atayameza mbele ya wale wale aliowatemea.

Lakini kisasi bila ya pa kusimama ni kelele tu, kwa hiyo nikajipanga kwanza. Nikaomba chuo cha uuguzi kule Sur, nikaomba na kozi ya ukarani Nizwa. Halafu nikamwambia Bi Salma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kuwa naweza kuwasomesha binti zake Kiingereza baada ya alasiri. Kile Kiingereza tulichochapiwa fimbo huko kwetu, huku ni lulu! Wale binti wakaleta wenzao, wenzao wakaleta dada zao, sasa ukumbi wa Bi Salma hauna pa kuweka mguu. Ami kasifiwa msikitini na baba zao, akarudi kifua mbele. "Wakuchukue wasikuchukue," akaniambia, "wewe huendi pahala. Kazi unayo." Siku ile nililala usingizi wa kweli.

Sasa Bi Thuraya akaona mtihani unakaribia, na Asila wake akiulizwa jina tu kwa Kiingereza anatokwa jasho. Akanifuata jikoni nakata vitunguu, akaufunga mlango, na Kiswahili kikamtoka, tena cha Tabora chenyewe. "Rukia mwanangu, msaidie mdogo wako." Mwanangu! Nikaendelea na vitunguu vyangu. Nikamjibu, "Bi Thuraya, ombi lako limefika. Hujakataliwa, hujakubaliwa. Subiri."

Ungemwona uso! Nikamwacha asubiri juma zima. Akipita karibu yangu ananitupia jicho, nami namwambia, "Bado linaangaliwa." Najua utasema mwanangu kawa na roho mbaya. Ninayo, Mama, kwa huyu ninayo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mwisho nikampa sharti: aseme ukweli mbele ya wale wale, kwa Kiarabu, sauti ile ile. Alininunia siku mbili. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Juzi baraza ilikuwa kwetu na mdila nilishika mie. Bi Thuraya akakohoa, akasema, "Nilisema huyu kakataliwa. Hakukataliwa. Wamemwambia asubiri, na Asila wangu wamemwambia hivyo hivyo. Na Rukia ndiye atakayemsomesha." Bi Salma akauliza, "Na lile la kuimba, Thuraya?" Akasema hilo nalo alikosea. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, na kwa fadhaa kasahau kukitikisa. Nikamimina. Akanywa, akasahau tena. Nikamimina. Wenziwe wakaanza kuziba midomo kwa shela zao, naye anakunywa tu, na mie namimina, mpaka mkono ukaanza kumtetemeka.

Asila nimeanza naye jana. Sina ugomvi naye, na akili anayo, woga ndio unaomwangusha. Mtuombee sote wawili tupite. Tukikosa, yeye atalia, mie nina ukumbi wa Bi Salma.

Nibusie Bibi mkono. Kaka Suleiman mwambie aache kulalia redio, na jirani yetu Bi Mwanaisha, aliyenifunza kusuka ukili, mwambie bado nakumbuka. Ami anakusalimu sana.

Na Bi Thuraya naye anakusalimu. Kanipa salamu hizo jana mlangoni, majirani wote wakisikia, kwa Kiswahili.

Mwanao akupendaye,
Rukia