Uso wa Kwenda Kazini

Kitengela, Agosti 2003

Dada yangu Akoth,

Natumaini hamjambo huko nyumbani. Huku ni vumbi na baridi tu. Melvin ameng'oka jino, na Caren siku hizi anasonga ugali vizuri.

Uliniuliza nafanya nini ndio nipendeze vile kwa picha. Ni kitu kidogo. Uji ukiwa jikoni napaka poda, wanja na rangi ya mdomo, halafu hiyo rangi naigusisha mashavuni pia. Kiwandani, mwanamke akionekana mgonjwa anafutwa kazi. Gathoni, jirani yangu wa mashine, alienda hivyo.

Jumatatu nilianguka nikishona. Wenzangu wakanimwagia maji usoni, poda yote ikatoka. Msimamizi akaniangalia, akasema, "Mama Caren, kumbe uko hivi?"

"Ni uchovu tu," nikamwambia.

"Enda nyumbani. Usirudi."

Dada, ni ule ugonjwa uliomaliza baba watoto. Daktari alishaniambia.

Usinitumie dawa. Njoo uchukue watoto wakati bado niko na nguvu ya kuwapangia nguo, wafikirie wanaenda likizo.

Mdogo wako,
Dolphine