Uso wa Baba Mkwe

Mama,

Nimevunja mwiko ulionifundisha mwenyewe. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Baba, mumeo, yu hai. Mshipa ulimpasukia kichwani akiwa shambani Makwale, akaanguka kwenye mikakao. Mimi na mwanao tukamfikisha hospitali kubwa Dar es Salaam, wakampasua na kuubana ule mshipa. Tukashangilia mapema. Daktari akasema damu iliyovuja inaweza kufanya mishipa mingine ijibane siku za mbele, ubongo ukose damu. "Akibadilika hata kidogo, semeni."

Mimi ningeonaje? Mkamwana hatazamani na baba mkwe. Akimwona njiani anajitupa migombani. Ulinifundisha hivyo nikiwa bibi harusi. Miaka kumi na moja nimeishi kwenu, uso wake siujui. Hata wodini niliingiza uji nikiwa nimempa mgongo, naye akikohoa na kugeukia ukutani.

Siku ya sita baada ya upasuaji mwanao alitoka kwenda kuoga. Nikaweka uji. Baba hakukohoa. "Tumpe, njoo ukae hapa." Kwa jina langu! Mama mmoja aliyekuwa akimwuguza mumewe akacheka, "Mkweo leo kakupenda." Nami nikacheka, mjinga mimi. Kisha nikazinduka: Baba mwenye akili zake hawezi kuniita hivyo. Nikageuka, nikamtazama. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja.

Nilipiga kelele mpaka nesi akaja mbio. Wakamwongezea dripu, wakaipandisha presha yake ili damu ipenye. Vidonge vilivyotakiwa havikuwepo hospitalini. Mwanao akavipata kwenye mojawapo ya haya maduka ya dawa ya watu binafsi yanayofunguliwa kila kona siku hizi. Kimoja kila baada ya saa nne. Siku ya tisa nikaingiza uji, Baba akakohoa, akageukia ukutani. Mama, nililia kwa furaha!

Sasa tuko nyumbani. Mkono wa kushoto bado mzito, ila juzi kamenya ndizi mwenyewe. Mashangazi walinung'unika kwamba nimemtazama. Baba akasema kwa sauti, nikamsikia nikiwa jikoni: "Huyu ameniona nikifa. Tumfiche nini tena? Aje akae nasi." Nikatoka, nikakaa nao.

Ndaga fijo, asante sana, Mama, kwa kunilea katika nyumba yako. Pumzika kwa amani kaburini mwako. Nakuahidi kitu kimoja: kila asubuhi, kabla ya chai, nitamtazama Baba usoni na kumwambia atabasamu, nione kama mdomo uko sawa.

Mkamwana wako,
Tumpe