Mashine ya Moyo na Siku ya Sabato

Ijumaa, 6 Juni

Swali langu la miaka mingi: kupumzika ni kuacha kazi, au ni kufanya kazi ya namna nyingine? Nililijadili sana chuoni bila kulimaliza. Leo limehamia sebuleni kwangu, hapa Nyanchwa. Jua lilipokaribia kutua Mama alizima redio, akafunika sufuria, kisha akajigusa chini ya mtulinga, palipo na mashine ya moyo. Akauliza inazimwa wapi. Sabato inaingia. Amri inamtaja mtumwa, ng'ombe, hata punda. "Na hii nayo imo ndani ya malango yangu."

Nilimweleza kwamba haizimwi. Hakuridhika. Ana sababu ya pili: betri ikipumzika siku moja kila juma, itadumu zaidi. Hesabu yenyewe si mbaya. Hilo ndilo lililonikera.

Jumamosi, 7 Juni

Hakwenda kanisani. Amelala chali tangu asubuhi, mikono kifuani, kama maiti mwenye subira. Haimbi. Hacheki. Jirani yetu Moraa alikuja kumjulia hali, akamwona hivyo, akaanza kulia palepale mlangoni. Mama akafumbua jicho moja. "Moraa, nyamaza. Unanimalizia chaji."

Nilikwenda kuchekea jikoni. Kisha nikaogopa. Siku alipowekewa mashine aliapa hatapasuliwa tena. Tuliambiwa kwamba betri ikikaribia kuisha, mashine hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Kwa Mama hakuna upasuaji mdogo. Betri ikiisha, naye ameisha, amekwisha kuamua. Ndiyo maana anaibania hivi.

Jumatano, 11 Juni

Kliniki, mjini Kisii. Ukaguzi wa kawaida. Mtaalamu aliweka kifaa juu ya kifua cha Mama, akasoma kompyuta. Nyaya ziko salama. Betri ina miaka kadhaa bado. Mama akamgeukia kwa Kiswahili chake cha soko la Keumbu: "Daktari, hii kitu inaweza pumzika Sabato?"

"Ikipumzika yote, mama, na wewe utapumzika."

Hakucheka. Mtaalamu akaeleza upya, kwa upole. Mashine ni mlinzi. Moyo wake ukipiga wenyewe, inatazama tu, ukizubaa, inausukuma. Na moyo wake huzubaa hasa anapolala.

Nikaona uso wa Mama ukibadilika. Sabato nzima, kwa kulala chali, alikuwa ameitumikisha.

Mtaalamu aliongeza kwamba kwa upande wa betri, tofauti ni ndogo, asijinyime usingizi, aje tu kukaguliwa kwa wakati. Sidhani alisikia. Nyumbani alitubu kwa sauti.

Jumamosi, 14 Juni

Amepanda kilima kwenda kanisani kwa miguu. Waendesha boda walisimama kumpakia, akawafukuza. "Niacheni nipumzishe mashine!" Kanisani aliimba hadi kwaya ikapotea. Aliendelea kuimba wakati wa matangazo. Moraa aliposinzia katikati ya mahubiri, Mama alimfinya, ingawa Moraa hana mashine yoyote.

Niliona haya. Niliona pia furaha, nami huishuku furaha inayotokana na hoja mbovu. Lakini je, ni mbovu? Mama amepumzika kwa kupanda mlima. Nimetafuta kosa katika hoja hiyo jioni nzima. Nadhani lipo.

Jumapili, 15 Juni

Mvua tangu adhuhuri. Mama amesinzia kitini, kikombe cha chai kikiwa kimeinama mkononi. Ameniagiza nimwamshe kila anaposinzia mchana. Nimekichukua kikombe. Sikumwamsha. Mashine inafanya kazi sasa, na ifanye. Leo si Sabato.

Sijui kama atakubali kupasuliwa siku ile itakapofika. Ningeweza kumuuliza. Nimejaribu kulifikiria jibu lake, na kila jibu nililopata lilikuwa langu. La kwake analo yeye, naye anakoroma.