Tandawala Niliyemwita Kwale

Babu,

Ulinizoesha kutoa ripoti kila Jumapili: hali ya hewa kwanza, halafu ndege, halafu mengine. Basi, baridi kali, mvua ya rasharasha. Ziwani kuna bata wale wale, shakwe kumi na tatu na mnandi mmoja anayekausha mabawa. Mengine ndiyo sababu ya barua hii, na nimeyaahirisha kwa wiki tatu.

Tangu ufe mwezi wa Oktoba, mwanao Kirit ameondoa vile vyombo vya kulishia ndege bustanini kwako. Anasema vinaleta panya. Jurawa bado wanakuja asubuhi, wanakaa juu ya ua na kungoja. Mimi hupita hapo nikienda shule na hujifanya natazama saa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwahi kuzungumza kwa lugha nyingine. Mama aliponileta Birmingham kutoka Nakuru nilikuwa na miaka tisa, na shuleni nilinyamaza karibu mwaka mzima. Kisha siku moja ukanikuta kando ya ziwa la Shard End na kitabu cha maktaba, nikijisemea, "Mnandi. Huyu ni mnandi." Ukasimama. Mzee wa Kihindi, kofia ya sufu na skafu imefungwa juu yake, ukaniambia kwa Kiswahili chako cha dukani, "Hapana, toto. Mnandi iko kubwa zaidi. Hii bata tu, iko lowa." Nilicheka hadi nikalia. Baba yako alikuwa na duka Nakuru, mtaa wa pili kutoka shule yangu ya kwanza, miaka mingi kabla sijazaliwa. Nilidhani wewe ni wangu kwa sababu hiyo. Nadhani kosa langu lilianzia hapo.

Unakumbuka meza ya jikoni kwako? Ramani ya Gujarat imetandazwa, kopo la sukari kona moja, themosi kona nyingine. Ulinionyesha njia kwa kijiko. Kwanza jangwa la chumvi, tambarare hadi macho yanachoka, na punda-mwitu wake. Halafu maji na matete, ambako korongo hushuka kwa maelfu wakikimbia baridi ya kwao. Halafu mbuga za nyasi zilizohifadhiwa, na huko ndiko alikokuwa tandawala, yule ndege mkubwa wa nyasi. Ulimwona ukiwa na miaka minane, mlipokwenda kuwaamkia ndugu wa baba yako. Amu yako akapiga kelele "Yule!" na ndege akaruka, ukabaki na mgongo wake tu. Hukuwahi kumwandika daftarini. Ulisema mgongo si ndege.

"Desemba tutaenda," ulisema. Tutaenda, Babu. Ulisema hivyo mara nyingi. Mimi nilikuwa nimeshajaza begi kichwani. Nilimwambia hata mama wa maktaba, na wewe unajua mimi simwambii mtu kitu.

Desemba ilipofika walikwenda Kirit na mjukuu wako Nikhil. Walipeleka majivu yako mtoni, kisha wakaifuata ramani yako kituo kwa kituo, kama ulivyowaagiza hospitalini. Nikhil! Aliyewahi kuniuliza kama kunguru ndiye dume la njiwa! Niliposikia nilikataa chakula cha jioni. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee, miguu imemvimba, akanitazama. "Ulitaka wakukatie tiketi? Wewe si mjukuu wake, mwanangu. Ulikuwa jirani. Jirani mzuri, lakini jirani."

Nilikwenda kulala na neno hilo. Likizo yote ya Krismasi nilizunguka ziwa peke yangu nikihesabu walipofika. Leo wako jangwani. Leo wako kwenye matete. Nilitamani mvua iwanyeshee. Nilisoma kwamba huko mvua hainyeshi majira hayo, nikazidi kukasirika.

Walirudi Januari. Jumamosi ya kwanza Nikhil akagonga mlango wetu, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Alikuwa na darubini yako shingoni, ndani ya nyumba, juu ya jezi ya mpira. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, ingawa yeye hajui hata "habari". Akaeleza kuhusu vumbi na miiba, na jinsi baba yake alivyolala garini wakati punda-mwitu mia wanapita mbele yake. Alisema korongo wakishuka jioni wanapiga kelele kama watoto wa shule nzima wakiachiliwa mara moja. Nilikuwa najua hayo yote kutoka vitabuni. Yeye alikuwa ameyasikia.

Kisha akatoa daftari lako. Alikuwa amejaza kurasa nne kwa mwandiko wake wa ovyo, na majina mengi ameyaacha wazi. "Babu alisema nisichokijua nikuulize wewe," akaniambia. "Alisema wewe ndiye mwenye macho."

Ungeniambia mwenyewe, Babu. Mbona ulimwambia yeye?

Tukakaa sakafuni. Alisoma maelezo, nikatoa majina. Yule ni mwari, yule ni heroe mdogo, yule ni kipanga wa matete. Kwa saa nzima nilikuwa karibu na furaha. Tukafika wa mwisho.

"Huyu nilimwona peke yangu," akasema. "Nilikwenda kukojoa nyuma ya kichaka. Kama kuku mkubwa, rangi ya mchanga, miguu mirefu. Ana mstari mweusi unashuka shingoni. Alikuwa anatembea taratibu kama mwalimu mkuu wakati wa mtihani."

Nilimjua kabla hajamaliza. Tandawala wako, Babu. Miaka yako yote ya kufunga milango kwenye magari kiwandani Longbridge ukimwota, Jumamosi zangu zote, halafu anamwona huyu, suruali imefunguliwa!

Nikasema, "Huyo ni kwale tu."

"Una hakika?"

"Kwale. Wako wengi."

Akaandika kwale, kwa wino. Akafunga daftari, akanishukuru. Alinishukuru, Babu.

Nilifikiri nitajisikia vizuri. Siku mbili hivi nilijisikia vizuri, kusema kweli. Nilitembea shuleni na siri yangu kama mtu mwenye peremende mfukoni. Kisha Mama alikutana na Nyanya Kanta, mkeo, kwenye foleni ya posta. Nyanya alimwambia, "Wameona kila kitu, isipokuwa yule ndege wake. Wamekwenda mbali kote huko bure." Mama akaisimulia wakati wa chai kama habari ndogo tu, akaendelea kupaka siagi. Mimi nikasukuma sahani kando.

Nilikuwa nimemwibia Nikhil, hilo nililitaka. Sikujua kwamba nilikuwa nimemwibia Nyanya. Na wewe.

Alhamisi nilimngoja Nikhil kituo cha basi. Alikuwa na rafiki zake watatu, na unajua mimi na watu watatu. Nilisema kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, "Yule hakuwa kwale. Alikuwa tandawala. Nilijua."

Rafiki zake wakacheka, wakauliza tandawala ni nini, ni pikipiki? Yeye hakucheka. Aliwaacha wapande basi, akabaki.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Wewe ni mtu mbaya sana," akasema. "Mkimya hivyo, kumbe mbaya sana."

Nikakubali. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Sikujiandaa kwa lililofuata. Alisema kila Jumamosi alikuwa akituona kutoka dirishani, mimi na wewe na ile themosi, tukienda ziwani. Alipokuwa na miaka kumi alikuambia ndege ni mambo ya wazee, na hukumuuliza tena kama atakuja. "Nilikuwa nangoja aniulize tena," akasema. "Miaka minne. Halafu akakupata wewe."

Tulikosa mabasi mawili.

Jioni ile ile tukaenda kwa Nyanya Kanta. Nikhil alitaka niseme mimi, nikasema mimi, kwa Kiswahili, maana Nyanya anakijua kama chako. Alikuwa anachambua mbaazi. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alinitazama kidogo tu, na nadhani alijua. Akamgeukia Nikhil, kwa Kiingereza, "Aliruka?"

"Hapana. Alitembea."

"Ulimwona uso?"

"Uso, jicho, kila kitu."

Nyanya akaweka sinia chini. "Miaka sitini mume wangu anamtafuta na darubini," akasema, "na huyu, kwenda kukojoa tu, anamkuta." Akacheka, akajifunika uso kwa ncha ya sari, akacheka tena, kisha mabega yakaendelea kutikisika na haikuwa kicheko tena. Nikhil akamshika mkono. Mimi niliendelea kuchambua mbaazi, kwa sababu kuna mtu alipaswa kufanya hivyo.

Daftari limesahihishwa. Yeye ameandika, si mimi.

Babu, nakuomba msamaha. Ningependa kukuambia kwamba wivu umekwisha, lakini ulinifundisha kuandika nilichokiona tu. Bado ninao. Darubini yako ikining'inia kwenye shingo yake bado inanichoma. Jangwa lile bado nalitaka, na matete, na nyasi, na siku moja nitafika kwa nauli yangu mwenyewe. Nakasirika pia kwamba ulisema "tutaenda" bila kuniambia ni akina nani.

Kwaheri, Babu. Pumzika huko maji yalikokupeleka.

Nakuahidi hili: Jumamosi hii nampeleka Nikhil ziwani. Nitamfundisha kupumua polepole, na kutofautisha shakwe kwa miguu yao. Nitajibu maswali yake yote, hata ya kijinga, na sitamdanganya jina la ndege yeyote, hata jurawa. Ila kule kwenye mti ulioanguka, ulikonionyesha mdiria wangu wa kwanza, bado sitampeleka. Labda mwakani.

Wako,
Nyambura